Kwa Mdogo Wangu wa Wete Anayetaka Kupanda Kilimanjaro

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe kutoka kwa mhadhiri msaidizi, msichana wa Wete. Anaandika tasnifu ya uzamivu, anafundisha mwaka wa kwanza wenye wanafunzi wengi, na anataka kukimbia marathoni na kupanda Kilimanjaro. Ameniuliza mambo matatu kwa mkupuo. Mtu wa Pemba atafanyaje mazoezi ya mlima ilhali kisiwa hakina mlima? Muda ataupata wapi? Na awajibu nini wakubwa zake wa kazini wanaomwambia mkimbiaji hamalizi tasnifu? Nimeshamjibu kwa simu, lakini najua wengi wenu mna maswali hayo hayo, basi nayaandika hapa.

Naanza na la tatu, kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilipokuwa mhadhiri mchanga, kikao cha kupitia kazi zetu kilipofika kwenye jina langu, mzee mmoja niliyemheshimu sana alisema mbele ya wenzangu kwamba mimi ni hodari wa kukimbia kuliko kuandika. Watu wakacheka. Hakuna aliyefungua faili langu. Ndani yake mlikuwa na makala zilizochapishwa na takwimu za msimu mzima wa mwani wa Paje na Jambiani. Cheo nilikuja kupewa baadaye sana, na radhi sijaombwa. Sitafuti huruma. Nataka ujue, mdogo wangu, kwamba maneno yatakuja, na yakimjia mwanamke huja na nyongeza yake: mke wa mtu, alfajiri yote ile, anakimbilia nini?

Wasichokijua wasemaji ni kwamba mbio zangu zilizaliwa na utafiti wenyewe. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Wao hufuata bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Hapo ndipo wanaposhuka shambani kufunga mbegu kwenye kamba. Kwetu kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, kama saa nne hivi, na saa mbili mchanga umeshafunguka: mpana, mgumu, umenyooka, hauumizi goti. Nilikuwa natoka Paje kwa miguu mpaka Jambiani, nikifika napima joto la maji na chumvi, nachukua sampuli, narudi kabla bahari haijarudi. Kina mama wa mwani hawakunicheka hata siku moja. Walinipungia mkono kutoka majini, "Mwalimu, leo hujachoka?" Wao wenyewe walikuwa wameshatembea masafa marefu na magunia kichwani, na kazi ya mwili hawakuona ni jambo la kumwonea mtu haya.

Ule mwani mnene wanaouita kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ulipokuwa unakufa kwa sababu maji ya kina kifupi yamepata joto, makala yangu kuhusu jambo hilo ilinikwama miezi mingi. Sehemu yake ngumu niliipanga kichwani baina ya Paje na Jambiani, nikaja kuiandika tu mezani. Ndiyo makala yangu inayosomwa kuliko zote. Nalisema hili kwa fahari na sitalipunguza.

Swali la muda halina maneno mengi. Ukishasali alfajiri, usirudi kitandani na usiguse simu. Saa ile ni yako. Haina kikao, haina barua pepe, wanafunzi wamelala. Ramadhani natembea kidogo kabla ya futari na kukimbia baada ya tarawehe, basi. Anayekwambia hana saa moja kwa siku, mwangalie anavyoshika simu yake.

Sasa mlima. Unguja na Pemba hakuna mahali panapofika mita 150 juu ya bahari. Lakini nyinyi wa Pemba mna bahati kuliko sisi: barabara ya Wete kwenda Chake ni kupanda na kushuka, na mimi natamani ningekuwa nayo karibu. Unguja nilikuwa nakwenda kilima cha Masingini, na siku nyingine nikipanda ngazi za nyumba za maendeleo Michenzani, begi mgongoni limejaa chupa za maji. Watoto walinihesabia. Wete kwenu nyumba kama hizo zipo pia. Panda, shuka, panda tena. Misuli inayouma mlimani ni ya kushukia, na hiyo hutaipata kwa kukimbia mchangani.

Sikiliza hili kwa makini kuliko yote: mbio hazitakulinda na maradhi ya mwinuko. Zitakupa moyo mzuri na miguu, lakini hewa ya juu haijui nani ana medali. Pale Uhuru, kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea pwani. Mwili unahitaji siku za kujirekebisha: unapumua zaidi, figo zinafanya kazi zaidi, unakojoa sana, na damu yenyewe huchukua wiki kuongeza chembe zake nyekundu. Mkimbiaji yumo hatarini kwa sababu anaweza kwenda haraka, na anakwenda.

Nimeliona kwa macho yangu. Nilipanda kwa njia ya Machame. Kijana mmoja mgeni, mkimbiaji hodari, alitupita siku ya pili kama anayewahi boti. Kiongozi wetu, Mchaga mpole, akaniambia, "Pole pole, dada. Mwache aende." Siku iliyofuata tulipanda mpaka Lava Tower, karibu mita 4,600, kichwa kikiniuma, kisha tukateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Hiyo ndiyo siri ya njia ile: unapanda juu, unalala chini. Yule kijana nilimkuta Barranco ameshikwa mabega na wapagazi, anatapika, hawezi kutembea mstari ulionyooka. Wakamteremsha usiku ule ule, na walifanya vyema, kwa sababu dawa ya kweli ya hali ile ni kushuka.

Usiku wa kilele tulitoka kambi ya Barafu kwenye saa sita. Siusimulii wote. Ni baridi, ni changarawe inayokurudisha nyuma, ni taa za vichwani mbele yako zisizofika mwisho. Stella Point, ukingoni mwa kreta, palipambazuka. Pale Uhuru jua lilikuwa limeshatoka, barafu inang'aa, nikasujudu sijda ya shukrani juu ya mawe. Nilimkumbuka yule mzee wa kikao. Nilitamani angekuwepo.

Basi vijana, acheni kuomba ruhusa ya kuwa watu kamili. Mkimbiaji wetu Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na katikati ya miaka hiyo akashinda New York. Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017 na dhahabu akaichukua Tokyo mwaka 2025. Miaka minane! Tasnifu nayo ni ya watu wa namna hiyo, wanaorudi kila asubuhi bila kupigiwa makofi. Mkubwa wako akikucheka, usibishane naye. Mpelekee sura uliyoiandika, tena mapema kuliko alivyokupangia.

Na wewe wa Wete, haya ndiyo ya kufanya. Usikubali safari ya siku tano hata ikiwa ya bei rahisi. Tafuta saba au zaidi. Ada za hifadhi kwa Mtanzania ni ndogo sana kuliko anazolipa mgeni. Majaketi na mifuko ya kulalia inakodishwa Moshi, usinunue. Dawa za mwinuko muulize daktari kabla hujavuka bahari. Marathoni ya Moshi iache mpaka mwaka unaofuata, kwani njia yake inapanda kuelekea Mweka na itakutaka miguu iliyopumzika. Mlimani nenda Agosti au Septemba, miezi ya ukavu na likizo ndefu ya chuo. Msimamizi wako mpe tarehe sasa hivi kwa maandishi, na sura ya tatu imfikie kabla hujapanda boti.