Nukuu, dondoo na kotesheni: kila neno lina mahali pake

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri tangazo la zabuni ndogo ya kutengeneza madawati, na mahali palipotakiwa bei za mafundi nikaandika kwamba kila mwombaji awasilishe "nukuu" yake kabla ya Ijumaa. Siku ya pili fundi seremala mmoja akanipigia simu, kwa kuwa namba yangu ndiyo iliyowekwa chini ya tangazo, akaniuliza kwa adabu zote: "Samahani kaka, hiyo nukuu itoke kwenye kitabu gani?" Neno nilikuwa nimelitoa katika kamusi, ilhali karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kazi fundi yule aliiita kotesheni, na aliiandika karibu kila wiki.

Tangu hapo, ninapowaandikia watu wa biashara naandika kotesheni, na nikilazimika kutumia nukuu siiachi peke yake, bali nasema nukuu ya bei. Karatasi yenyewe iwe na maelezo ya kazi, idadi, bei ya kila kimoja, jumla, kodi kama ipo, na muda ambao bei hizo zitadumu. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, nami lilinigharimu nilipoezeka nyumba: nilichelewa miezi miwili kutoa malipo, mbao zikapanda, na kwa kuwa karatasi haikutaja muda wowote, mimi na fundi kila mmoja alijiona ana haki. Tena kotesheni isichanganywe na makadirio, ambayo ni kisio tu la gharama, wala na ankara, ambayo huja kudai malipo.

Katika maandishi mambo ni mengine. Mwanafunzi wa Kenya analijua neno dondoo kutokana na mtihani wa fasihi, ambako huambiwa aeleze muktadha wa dondoo, yaani nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi, na kwa sababu gani. Wengi huyachukia maswali hayo, lakini mimi ninayehariri makala kila siku sijapata kipimo kilicho bora zaidi; nukuu isiyoweza kujibu hata mawili kati ya hayo manne huwa naifuta. Tanzania, hata hivyo, dondoo za afya gazetini ni vidokezo vifupi tu, si maneno ya mtu yeyote, kwa hiyo ukiwaandikia wasomaji wa pande zote mbili, nukuu ndilo neno salama.

Kosa langu kubwa zaidi lilihusu alama za mtajo. Nilimhoji bibi mmoja mfinyanzi, nikayanyoosha maneno yake hadi yakapendeza, kisha nikayafungia ndani ya alama hizo kana kwamba ndivyo yalivyotoka kinywani mwake. Aliposomewa alicheka kidogo, akasema: "Mwanangu, maneno mazuri, lakini si yangu." Sasa nikitaka kufupisha au kusawazisha lugha ya mtu, nahamia usemi wa taarifa: badala ya kuandika kuwa alisema, "Nitachoma vyungu kesho," naandika kwamba alisema angechoma vyungu siku iliyofuata. Hapo maneno ni yangu, habari ni yake, na msomaji anaiona tofauti.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa maneno ya viongozi yanayosambazwa mitandaoni yakiwa na picha lakini hayana mwaka wala jina la hotuba. Kauli kwamba ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora hubandikwa jina la Mwalimu Nyerere, naye kweli alikuwa kiongozi wa chama cha TANU, ila anayeinukuu sawasawa hutaja Azimio la Arusha, tamko la chama hicho la mwaka 1967, kwa sababu humo ndimo msomaji atakapoikuta akitaka kuihakiki. Nami nimeitaja hapa bila alama za mtajo kwa makusudi, kwa kuwa nimeifupisha.