Kunywa Jumamosi tu si usalama

Dada, umeuliza kama rafiki yako yuko salama kwa sababu anakunywa pombe Jumamosi tu. Hapana, kunywa Jumamosi tu hakumaanishi hana shida. Angalia kama anaweza kuacha kunywa akishaanza. Anayesema "bia moja tu ya Primus", kisha kila Jumapili anaamka hakumbuki alifikaje nyumbani, ana shida tayari, hata kama Jumatatu anafika kazini mapema.

Waganga wa hospitali wana maswali manne, yanaitwa CAGE: umewahi kuona inafaa upunguze pombe? Watu wakikusema juu ya pombe, unakasirika? Unajisikia na hatia? Unakunywa asubuhi ili mwili utulie? "Ndiyo" mbili zinatosha kumpeleka akapimwe. Muulize akiwa hajanywa, mko wawili tu.

Swali la asubuhi ndilo zito zaidi. Kama mikono inatetemeka mpaka apate pombe, kama kasiksi au kanyanga, mwili umeshaizoea pombe, na hapo tafadhali msimfungie nyumbani aache ghafla. Familia nyingi zinafanya hivyo kwa upendo, lakini ni hatari. Jasho na kutetemeka huanza baada ya masaa 6 hadi 24 tangu anywe mara ya mwisho, mishtuko kama ya kifafa inaweza kuja ndani ya siku 2, na kuchanganyikiwa kwa kuona vitu visivyokuwepo siku ya 2 au ya 3. Hali hiyo inaweza kuua. Hospitalini watampa dawa za kutuliza na vitamini B1. Hapa Bukavu mnaweza kuanzia SOSAME, kituo cha afya ya akili.