Mnaotaka kuingia kwenye mbio za magari, anzeni na Ned Jarrett

Vijana wanaonipigia simu kutoka Nairobi na Dar kuuliza kazi za mbio za magari huku North Carolina, Marekani, swali lao la kwanza huwa ni kasi. Gari linakwenda ngapi? Hakuna aliyewahi kuniuliza dereva anakula nini akishastaafu. Mimi si dereva, ni fundi. Siku za kazi nabadilisha breki za watu gereji, Jumamosi usiku nasukuma jeki kwenye kiwanja kidogo cha mbio. Nina miaka kumi na mitano kwenye shughuli hii na mgongo umeshanipa notisi. Ndiyo maana nawataka mumjue huyu mzee, aliyetangulia kufikiria mambo ambayo mimi nimeyafikiria nikiwa nimechelewa.

Ned Jarrett alizaliwa mwaka 1932 karibu na Newton, humu humu jimboni, kwenye familia ya wapasua mbao. Baba yake alimruhusu kuwa na gari la mbio, ila kuliendesha akamkataza. Siku moja shemeji yake, ambaye walimiliki naye gari hilo kwa ubia, akaugua, na Ned akaingia uwanjani kwa jina la shemeji. Mambo yakamnyookea, akaendelea na mchezo huo mpaka mzee akapata habari. Mzee akasema kama ni lazima aendeshe, basi aendeshe kwa jina lake mwenyewe.

Kisa ambacho kila anayeanza hukipenda ni cha hundi. Mwaka 1959 Jarrett alinunua Ford ya mbio kwa dola 2,000 ambazo hakuwa nazo. Aliandika hundi Ijumaa benki ikiwa imeshafungwa, akashinda mbio ya Jumamosi kule Myrtle Beach na ya Jumapili hapa Charlotte, na Jumatatu zawadi zikamsaidia kuifunika hundi. Tafadhali msimwige. Wakati ule alikuwa ameshachukua ubingwa wa daraja la chini mara mbili, 1957 na 1958. Alijua anachokifanya. Wewe mwenye miezi miwili tu kwenye mchezo ukiandika hundi ya namna hiyo, utakutana na polisi kabla ya kukutana na zawadi.

Mimi kisa hicho nakipendea jambo jingine. Usukani wa gari lile ulikuwa umezungushiwa utepe, na aliyeuzungusha aliuzungusha kinyume. Badala ya ukingo wa utepe kulala chini ya kiganja, ukawa umesimama dhidi yake. Hakuna aliyeona kasoro hiyo mpaka gari lilipoingia kwenye mbio, na kila kona ikawa inamkata mikono. Alimaliza viganja vikiwa vimechanika, na Jumapili ilibidi apate madereva wa kumpokea usukani. Kwa hiyo wewe unayepewa kazi ya kufunga utepe ukadhani umedharauliwa, ujue mikono ya mtu iko kwako. Mimi kijana mpya simpi spana wiki ya kwanza. Nampa usukani mtupu na rola la utepe, akimaliza namwambia aushike kwa nguvu na kuuzungusha mara hamsini. Ataelewa mwenyewe.

Jarrett alikuwa bingwa wa NASCAR, mashindano makubwa ya mbio za magari huku Marekani, mwaka 1961 na tena 1965, akastaafu akiwa na ushindi wa mbio 50. Ushindi unaotajwa zaidi ni wa Darlington mwaka 1965, alipowaacha waliomfuata kwa mizunguko 14, kama kilomita 31. Usidhani aliwapita kwa mbio. Waliokuwa mbele yake magari yaliwafia mwishoni, na lake pia injini ilikuwa inachemka. Alichofanya ni kulibembeleza. Uwanjani kwetu nimeona madereva hodari wakikosa zawadi kwa kukataa kupunguza mguu dakika kumi za mwisho. Na fundi aliyekesha na injini ile ndiye anayerudi nyumbani kimya.

Hatari sitaipamba. Mei 1964, kwenye mbio za Charlotte, Jarrett alihusika katika ajali moja na dereva mwenzake Fireball Roberts, magari yakashika moto. Jarrett alimkimbilia mwenzake akamsaidia kutoka. Roberts alifariki Julai mwaka huohuo. Ukiona mkaguzi anakurudisha kwa sababu ya mkanda au nguo ya moto, usibishane naye.

Mwaka 1966, bado akihesabiwa bingwa wa msimu uliopita, Jarrett aliacha. Ford walikuwa wamejiondoa kwa mgogoro wa kanuni, na yeye alikuwa na miaka 34 tu. Alikuwa na pa kwenda kwa sababu alishasoma kozi ya Dale Carnegie ya kuzungumza mbele ya watu wakati bado anaendesha. Fikiria dereva wa enzi zile, mtoto wa kiwanda cha mbao, amekaa darasani anajifunza kusimama na kusalimia watu. Baadaye alisimamia uwanja wa Hickory, akatangaza mbio redioni, kisha kwenye televisheni. Februari 1993 alikuwa kwenye kibanda cha matangazo cha televisheni ya CBS kwenye mbio za Daytona, mwanawe Dale Jarrett akipambana na dereva Dale Earnhardt kwenye mzunguko wa mwisho. Mwongozaji wa matangazo alimwachia azungumze kama baba, naye akamwelekeza mtoto kona kwa kona mpaka akashinda. Baadaye alimtafuta Earnhardt amwombe radhi kwa kuegemea upande mmoja. Earnhardt akamjibu kwamba hata yeye ni baba.

Mimi niliwahi kupewa nafasi ya kozi ya kusoma takwimu za gari kwenye kompyuta. Nikasema mkono wangu ndio kompyuta. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu yakabadilishwa: gurudumu lililokuwa na nati tano likawa na nati moja ya katikati, na mabingwa wa kufungua nati tano wakaanza upya. Hapo ndipo nilipoacha kujisifia mkono.

Sasa najifunza kuzungumza. Kila usiku najirekodi kwa simu kama namweleza mteja kwa nini diski zake za breki zimekwisha. Wiki ya kwanza nilimsikilizisha mke wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Huyo mteja amekukosea nini?"