Faili la mipangilio limetushinda

SWALI: Mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo ulianza na faili moja la mipangilio, mistari 14. Sasa tuna mafaili 9, violezo vinavyozalisha mafaili mengine, na mwenzetu mmoja tu ndiye anayethubutu kuyagusa. Tulikosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, hamkukosea siku moja. Tawi moja lilitaka riba yake, mkaongeza mstari. La pili likataka hivyohivyo, ila mwisho wa mwezi tu, na hapo ndipo "kama", yaani sharti, ilipoingia. Faili likishaingia "kama" si orodha tena ya thamani za kusomwa na mfumo, ni programu, tena programu isiyo na majaribio. Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe iliyozaliwa Berkeley miaka ya 1980, ilipita njia hiyo: faili lake likawa gumu hadi watu wakaacha kuliandika kwa mkono, wakalizalisha kwa m4, programu inayojaza violezo na kutoa faili kamili. Violezo vyenu ni ukoo uleule.

Mimi yalinikuta kwenye tiketi za mabasi. Niliandika muda wa kuondoka 12:30, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama abiria wanavyosema. Tiketi zikatoka na 750! Faili lilikuwa la YAML, mtindo wa kuandika mafaili ya mipangilio, na toleo lake la 1.1 linakubali hesabu za msingi wa 60: 12 mara 60, jumlisha 30. Nilikesha nikitafuta kosa ndani ya programu, kumbe ni alama za kunukuu ambazo sikuziweka ili 12:30 isomwe kama maandishi, si namba. Kwa kanuni za toleo hilohilo namba 010 husomwa 8, kwa kuwa sifuri ya mbele huashiria msingi wa 8, na NO, kifupi cha Norwei, husomwa "si kweli". Kama mnatumia YAML, kagueni namba za matawi yenu leo.

Kisha fungueni historia ya mabadiliko. Thamani ambayo haijaguswa tangu iwekwe, ihamishieni ndani ya programu. Masharti ya riba yaandikeni kwa lugha mnayoandikia mfumo, na majaribio yake. Riba ni fedha za wanachama, haifai kukaa mahali pasipopimika. Faili libaki na yale yanayotofautiana kati ya seva na seva, kama anwani ya hifadhidata.

Ila kabla ya kufuta chochote, kaeni na huyo mwenzenu mmoja. Awaeleze kila faili lilikujaje, mwingine akiandika.