Maswali na majibu: Seta akiwa nyuma timu inavunjika, niwapange vipi?

Swali: Kocha, shikamoo. Nafundisha chuo kimoja hapa Mwanza, na mwaka huu nimekabidhiwa timu ya wasichana ya mpira wa wavu. Nina wachezaji 14: watano walicheza wavu sekondari, sita wametoka netiboli, watatu kikapu. Tunatumia mfumo wa 5-1, yaani seta mmoja wa kuinua mpira na wapigaji watano, lakini kila seta anapoingia safu ya nyuma tunapoteza pointi nne hadi tano mfululizo. Uwanja wetu ni wa wazi, karibu na ziwa. Niwagawe nafasi kwa kigezo gani, na mwakani nitafute wachezaji wa aina gani?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kabla ya kumlaumu seta, tazama mapokezi, yaani pasi ya kwanza inayopokea sevu ya wapinzani na kumpelekea seta mpira. Seta akiwa mbele, hata pasi mbovu anaifikia kwa hatua mbili. Akiwa nyuma anaanza safari mbali, na pasi ileile inamkuta njiani. Ndiyo maana nakusihi usigawe nafasi kwa urefu. Tafuta kwanza wapokeaji watatu na seta mmoja. Warefu watapata pa kukaa baadaye.

Kupima mapokezi, kila msichana apokee sevu 20 zinazopigwa kutoka nyuma ya mstari, si mipira ya kurushwa kwa mkono. Pasi inayomwachia seta uhuru wa kuchagua yeyote kati ya wapigaji watatu, mpe 3. Ikimbakizia wapigaji wawili, mpe 2. Ikiwa kilichobaki ni kuinua mpira wa juu kwenda pembeni, mpe 1. Mpira ukianguka au ukipotea, 0. Jumlisha, gawanya kwa 20. Mwenye wastani wa 2 mtunze kama mboni ya jicho, wenye 1.8 bado unaweza kujenga nao timu ya chuo. Lakini watatu wako bora wakiwa chini ya 1.5, weka 5-1 kabatini kwa wiki nane na ucheze 4-2: maseta wawili wanaokaa mkabala kwenye mzunguko, anayeinua siku zote ni yule aliye mbele. Utabaki na wapigaji wawili tu mbele, ndiyo, lakini hakuna mtu wa kukimbia kutoka nyuma. Kwa kiwango unachonieleza, wapigaji wawili wanaofikiwa na mpira wana faida kuliko watatu wanaousubiri.

Ukiona uko tayari kwa 5-1, panga hivi seta akiwa namba 1 (kulia nyuma, anakopigia sevu; 2, 3 na 4 ni za mbele kutoka kulia kwenda kushoto, 5 ni kushoto nyuma, 6 katikati nyuma): namba 2 winga bora (mpigaji wa pembeni kushoto), 3 senta wa pili (mzuiaji wa katikati), 4 opoziti (mpigaji wa upande wa kulia), 5 winga wa pili, 6 senta bora. Kila mmoja anatazamana na mwenzake kwenye mzunguko: winga na winga, senta na senta, seta na opoziti. Libero, mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda, anaingia badala ya senta aliye nyuma. Nafasi hiyo ililetwa na FIVB mwaka 1998 kwa ajili ya ulinzi. Libero hazuii kwenye wavu, na kwa sheria za kimataifa hapigi sevu; kwa hiyo zamu ya senta kupiga sevu ikifika, senta anarudi uwanjani, na mkipoteza ile sevu libero anaingia tena.

Sasa tuje kwenye mizunguko mitatu inayokuumiza. Sheria ya mpangilio inawalinganisha wachezaji wawili wawili tu. Wa mbele na wa nyuma yake, yaani 4 na 5, 3 na 6, 2 na 1: mguu wa aliye mbele usiwe mbali na wavu kuliko wa aliye nyuma. Kwa upande, wa pembeni analinganishwa na wa katikati wa safu yake. Namba 5 halinganishwi na 3, wala 1 halinganishwi na 4. Makocha wengi wanaogopa sheria hii na kumwacha seta mita sita kutoka wavuni, wakati inamruhusu kusogea sana.

Seta akiwa namba 5, aliye namba 4 ni senta, naye hapokei. Mpeleke senta karibu kabisa na wavu upande wa kushoto, seta asimame nusu hatua nyuma yake. Sevu ikipigwa, seta anateleza sambamba na wavu kama mita nne tu mpaka mahali pake, mita mbili na nusu hivi kutoka mstari wa kulia. Akisimama mahali pa kawaida pa namba 5 angekimbia zaidi ya mita sita. Kosa la kuchunga hapa: winga aliye namba 3 anaposhuka kupokea, asivuke kwenda kushoto kwa senta, na winga aliye namba 6 asipokee mbele yake.

Seta akiwa namba 6, mfiche nyuma ya opoziti aliye namba 3, wote wawili wakiwa wavuni. Ahakikishe tu kwamba libero wa namba 5 yuko kushoto kwake na winga wa namba 1 yuko kulia. Huu ndio mzunguko mwepesi kati ya yote mitatu.

Seta akiwa namba 1 ndipo timu nyingi zinapotoboka, na nadhani ndipo zinapotoka pointi zako tano. Winga wa namba 2 anapokea upande wa kulia, seta analazimika kuwa nyuma yake, kwa hiyo njia ya kufika wavuni inapita jirani kabisa na mpokeaji. Msimamishe seta karibu na mstari wa pembeni, nusu hatua nyuma ya winga, aondoke kwa nje; akipita kwa ndani anakata njia ya mpira. Tatizo la pili limejificha zaidi: kwa mpangilio huu opoziti yuko kushoto na winga kulia, kila mmoja upande asiouzoea. Kama opoziti hajawahi kufanyia mazoezi ya smashi kutoka namba 4, mpira wa kwanza ataupiga wavuni na seta ataacha kumpa. Kila siku ya mazoezi mpe mipira 15 ya juu upande huo. Na mzunguko huu ukikwama pointi tatu, usitafute ufundi: inua mpira wa juu pembeni, utoke hapo.

Kuhusu wasichana wako wa netiboli, walinzi wa goli (GK na GD) wamezoea kunyoosha mikono na kusubiri wakati sahihi wa kuruka, kwa hiyo waangalie kama masenta. Waliocheza C (kiungo wa katikati) husoma nafasi vizuri. Wajaribu seta au libero. Tabia mbili zitawasumbua. Wanashika mpira kabla ya kuutoa, na mwamuzi ataita kosa la kubeba; dawa ni kuinua mpira ukutani kwa vidole, mara 100 kila siku, mikono ikiwa juu ya paji la uso kabla mpira haujafika. Tena wanaruka kwa mguu mmoja, wanaelea mbele na kugusa wavu. Wafundishe hatua tatu, kushoto, kulia, kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, wakianzia mita tatu na nusu hadi nne kutoka wavuni, miguu miwili ya mwisho ikitua karibu pamoja. Wa kikapu huwahi kushika hatua hizo.

Urefu nao upime kwa chaki ukutani badala ya kukisia kwa macho. Wavu wa wanawake una mita 2.24; anayetaka kuzuia afikishe vidole walau 2.45 akiruka bila kukimbia. Msichana wa sentimita 168 anayeruka vizuri anaweza kumzidi hapo wa 178 mwenye miguu mizito.

Kwa uwanja wa kando ya ziwa, mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, na alasiri ndipo wengi mnapofanya mazoezi. Ukivuma, teremsha pasi iwe mita moja juu ya wavu, ilengwe mita moja na nusu kutoka wavuni, maana mpira wa juu utasukumwa ng'ambo. Ukishinda kura siku ya upepo mkali, fikiria kuchagua upande badala ya sevu. Sevu ya kuelea (isiyozunguka) dhidi ya upepo hucheza zaidi lakini huangukia fupi. Ilenge kwa nguvu nyuma ya uwanja. Kagua pia mipira: shinikizo ni kati ya 0.30 na 0.325 kg/cm². Mpira uliojazwa kwa pampu ya baiskeli bila geji, kisha ukaachwa juani, huruka mikononi kama jiwe, na utamlaumu mpokeaji bure.

Mwakani, andika kwanza majina yote 14, nafasi ya kila mmoja na mwaka anaomaliza. Seta wako akiwa mwaka wa mwisho, unayemhitaji ni seta, hata kama umeona mpigaji mrefu anayekupendeza. Seta hatengenezwi kwa muhula mmoja. Nafasi ya pili kwa umuhimu ni winga anayepokea.

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ni mahali pazuri pa kutazama, ila kumbuka kidato cha sita hufanya mtihani Mei, kwa hiyo wengi utakaowaona ni wa kidato cha tano kushuka. Unamtafuta mchezaji wa mwaka unaofuata. Tazama anavyopokea timu yake ikiwa nyuma kwa pointi, na anavyosimama dakika ambazo mpira hauko kwake. Halafu zungumza na mwalimu wake wa michezo na mzazi, ukiulizia mapema masomo: kwa shahada, mhitimu wa kidato cha sita anahitaji walau principal mbili (ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili), na kipaji hakifuti sharti hilo. Usiahidi ada wala malazi ambayo chuo hakijakupa kwa maandishi. Wiki ya usajili wa mwaka wa kwanza, simamisha wavu mahali wanapopita wanafunzi wapya, uwe na chaki na mipira miwili. Atakayerudi siku ya pili kuuliza mazoezi ni saa ngapi, andika jina lake hata kama hajui kupiga sevu.