Ubeti wa nne: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Katika barua yako umeniuliza kama ni kweli kwamba "Usiku Mtakatifu" ulitungwa kwa haraka jioni moja, kwa kuwa panya walikuwa wametafuna kinanda cha kanisa, na kwa nini mama yako hauachi wimbo huo kila Krismasi.

Panya tuwaache, maana hao ni nyongeza ya wasimulizi. Maneno yake yaliandikwa kwa Kijerumani mwaka 1816 na padre kijana, Joseph Mohr, huko Mariapfarr nchini Austria, na nakala ya mwandiko wake iliyopatikana mwaka 1995 inautaja mwaka huo. Kilichofanyika kwa siku moja ni muziki: tarehe 24 Desemba 1818, Mohr akiwa amehamia Oberndorf, alimpelekea shairi lake mwalimu Franz Xaver Gruber, mpiga kinanda wa kanisa lile, akamwomba alitungie sauti mbili na gita, na usiku uleule wakaliimba wao wawili.

Mimi huutazama zaidi mwaka 1816. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha punde tu, na eneo la Salzburg, lililokuwa limepita mikononi mwa watawala kadhaa, likawekwa chini ya Austria. Mto Salzach ukafanywa mpaka, Oberndorf ikatengwa na Laufen, mji iliokuwa sehemu yake tangu zamani. Juu ya hayo, mlipuko wa volkano ya Tambora wa mwaka 1815 uliharibu hali ya hewa, hata kiangazi cha 1816 kikawa cha baridi na mavuno yakakosekana sehemu nyingi za Ulaya.

Sasa ufikirie ubeti wa nne. Shairi lina beti sita, ila vitabu vingi vya nyimbo huchapa tatu: wa kwanza, wa pili na wa sita. Ubeti wa nne, ulioachwa, unasema kwamba usiku ule Yesu aliyakumbatia mataifa ya dunia kama ndugu. Kwa hiyo mtu anayeuimba kama wimbo wa kumbembeleza mtoto tu, kwangu mimi, hajaufikia.

Nimejaribu kuutia ubeti huo katika Kiswahili, lakini mizani ya mstari wa tatu bado inanishinda. Ukija Desemba, njoo na gita lako tuumalizie.

Wako akupendaye,
Mama