Patasi, kipande cha ngozi na mkono mwepesi

Ngozi yangu ya kwanza ya kunolea ilikuwa mkanda wa suruali. Niliutundika kwenye msumari, nikauvuta kwa mkono wa kushoto na kupitisha patasi kama vinyozi wa zamani walivyofanya na wembe. Wiki mbili hazikuisha, patasi ikawa inateleza juu ya mninga badala ya kuuma. Mkanda unabonyea, na ngozi ikibonyea huinuka kidogo nyuma ya chuma na kuyala makali kwa mbele. Wembe mwembamba unavumilia hilo. Patasi haivumilii.

Basi bandika ngozi yako kwenye ubao uliopigwa randa ukanyooka, mrefu kama sentimita 30. Vipande utavipata kwa fundi viatu. Mwombe ngozi ngumu ya milimita 2 au 3, si ile laini ya mikoba. Choma kijipande kwanza: ngozi halisi hunuka kama nywele zilizoungua, ya bandia huyeyuka. Gundi ya mbao inatosha. Mimi huweka juu upande wa ndani, ule wenye nyuzinyuzi, kwa sababu unashika dawa vizuri.

Dawa yenyewe ni ile ya kijani ya kung'arishia vyuma, inayouzwa ikiwa kipande kama sabuni ya mche. Isugue kama unavyochora kwa chaki, kidogo tu. Anayepaka nene kama siagi anajitengenezea matope.

Sasa mkono. Patasi huvutwa kurudi nyuma, haisukumwi mbele, maana ukisukuma unachana ngozi. Laza bapa la makali lote, yaani ule mteremko ulionolewa, vuta kwa uzito mdogo, na ukifika mwisho iinue moja kwa moja juu. Wengi huharibu hapo hapo mwishoni: wanakunja kifundo cha mkono kabla chuma hakijaiacha ngozi, na makali yanaviringika. Mara 10 upande wa bapa, kisha mgongo ukiwa umelala kabisa, mara 4 au 5. Kazi yote ni kuondoa ule uzi mwembamba wa chuma unaobaki baada ya kunoa kwenye jiwe. Ijaribu kwenye kichwa cha ubao wa paini: ikikata pakang'aa bila kuvuruga nyuzi, rudi kazini. Patasi iliyopata pengo haina dawa hapa, ipeleke kwenye jiwe.

Ngozi itageuka nyeusi. Hicho ni chuma kilichotoka, usiogope. Ikianza kung'aa na kuteleza, ikwangue kwa mgongo wa kisu, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani, paka dawa upya. Ifunike kwa kitambaa wakati wa kupiga msasa, kwani punje moja ya mchanga itakuchorea makali yote.

Mafuta ya nazi badala ya yale ya cherehani niliyajaribu mara moja. Asubuhi nilikuta panya wametafuna kona nzima, na tangu siku hiyo ubao wangu unalala kwenye kopo lenye mfuniko.